Uchochoro wa Maikromita Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeanza. Naiandika ili siku nitakapokuwa mkuu watu wajue nilianzia wapi.

Asubuhi Profesa alituita chumba cha hadubini, mimi na Kimya. Kimya ni jina nililompa mwenyewe. Ana miezi saba hapa na sidhani kama ameshatimiza maneno sabini. Mimi ni fundi wa maabara hii mwaka wa kumi na moja. Nimevunja pipeti nyingi kuliko alizowahi kushika yeye. Uzoefu huo!

Profesa akasema wafadhili watatutembelea Ijumaa ya wiki ijayo. Akasema pia, bila kupepesa jicho, kwamba chumba cha hadubini kitapata mkuu mmoja, na baada ya mwezi huu hana hakika kama nafasi zitabaki mbili. Atakayemletea filamu safi ya seli ikipita uchochoro wa maikromita tatu ndiye atakayesimama mbele ya wageni.

Maikromita tatu! Chukua milimita moja, ikate vipande elfu, bakiza vitatu. Vichochoro vyenyewe vimechongwa ndani ya kigae cha mpira mwangavu, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Seli ya ngozi, ile inayokimbilia jeraha ili lizibe, tunaiweka upande huu. Upande wa pili tunaweka chakula. Seli yenyewe ni laini, hujinyoosha ikawa kama uzi. Taabu ni kiini kilicho ndani yake. Kiini ni kigumu, tena kinene mara tatu ya uchochoro. Hapo ndipo safari hukwama.

Profesa amezeeka na swali hili moja: seli hubadilikaje umbo ikapita pasipopitika? Maana zinazotibu jeraha hupita hivyo, na za saratani, zinapohama kwao kwenda kuharibu kwa wenzao, hupita hivyo hivyo.

Nilimwuliza Kimya kama ana wasiwasi. Akasema anao. Basi! Neno moja. Mtu wa kuogopwa huyu.


Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza. Nimewaza hivi: binadamu akizidiwa na joto hutafuta mlango. Kwa nini seli isitafute? Kabati la joto huwa nyuzi thelathini na saba. Nimelipandisha hadi arobaini na moja na kwenda kula nikipiga mluzi.

Aliyesema haraka haina baraka hakuwa na wafadhili njiani.


Jumatano, 5 Machi

Seli zimekufa. Zote! Zimejikunja zikawa vidonge, zinaelea. Hakuna hata moja iliyotafuta mlango.

Ubaya ni kwamba za Kimya zilikuwa kabati hilo hilo, rafu ya chini. Nilisahau rafu ya chini. Alifungua, akatazama, akafunga. Akachukua chupa mpya akaanza upya tangu mwanzo, kazi ya siku tatu. Ningefurahi angetukana.

Profesa akauliza nani amegusa kitufe. Nikasema huenda ni umeme. Umeme hauna mdomo wa kujitetea.

Nyumbani mke wangu alikuwa akiingiza mpira kwenye kiuno cha sketi ya mteja. Yeye ni fundi cherehani, na ulimi wake mkali kama mkasi wake. Nikamweleza masaibu yangu, kasoro sehemu ya kitufe. Akanionyesha pini aliyoitanguliza mbele ya mpira, jinsi anavyoifinya ndani ya kitambaa, kidogo, kidogo, huku nyuma mpira ukifuata. Akasema akiuvuta kwa pupa unajikunja katikati, na akiushughulikia taratibu unatoka wenyewe upande wa pili.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba watoto," akasema.

Nikamwambia hii ni sayansi, si sketi.


Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya pili. Hii haina kosa. Stoo kuna vigae vya vichochoro vipana, vya maikromita nane. Kwa macho havitofautiani na vile vya maikromita tatu. Tofauti ni kibandiko tu. Nimebandua, nimebandika. Seli mpya, nilizoazima maabara ya jirani, zimepita kama wateja mlango wa benki! Nimezihesabu kumi na nne kabla ya saa sita mchana. Nimemtazama Kimya kwa huruma. Yeye bado anaosha chupa.


Ijumaa, 7 Machi

Nilimwonyesha Profesa filamu. Nilikuwa nimechomekea shati.

Akatazama mara ya kwanza. Akatazama mara ya pili, pua karibu iguse skrini. Kisha akauliza kiini mbona hakijabanwa. Akasema seli inayopita maikromita tatu, kiini chake lazima kirefuke kama soseji au kijibane kiuno, na hiki chetu kimepita karibu mviringo, kinatembea kama bwana harusi ukumbini.

Jasho! Nikachomekea shati upya. Na hapo Kimya, akiwa anaifuta meza yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba vibandiko vya vigae hulowa wakati wa kuoshwa na kubanduka, pengine hiki kimechanganywa.

Profesa akanitazama. "Pengine," akasema. Akaondoka.

Nimefikiri jioni yote. Kwa nini aniokoe? Kuna jambo. Kikulacho ki nguoni mwako. Ananihifadhi ili anishinde mbele ya wageni, mchana kweupe, kwa kishindo!


Jumatatu, 10 Machi

Kigae halali. Maikromita tatu, nimekipima mwenyewe. Seli zimewekwa saa mbili asubuhi. Leo ni kazi safi tupu.

Saa mbili na dakika kumi nilifunua kifuniko kuangalia. Seli moja ilikuwa imeshatanguliza ncha, mfano wa kidole, mdomoni mwa uchochoro. Nikafurahi. Dakika kumi baadaye nikafunua tena. Kidole kimerudi ndani. Nikaongeza chakula upande wa pili. Nikafunua. Nikagonga kigae kidogo kwa kalamu, kuitia moyo. Nikafunua.

Kufikia mchana nilikuwa nimefunua mara ishirini na mbili. Seli zote zimejikusanya mlangoni kama watu waliosikia habari mbaya.

Kimya akapita nyuma yangu. "Kaka, ziache kidogo," akasema. "Kila ukifunua zinapata baridi na mwanga. Zinarudi."

Ziache! Adui akikuambia pumzika, funga viatu.

Saa tisa Profesa alipita. Akauliza yangu imefika wapi. Nikasema inajipanga. Akauliza ya Kimya. Kimya akasema imeingia nusu. Nusu!


Jumanne, 11 Machi

Nusu. Sikulala vizuri kwa hiyo nusu.

Ana siri. Hakuna mtu anayekaa kimya bila siri. Ningeweza kumwuliza anafanyaje, lakini kuomba ni kujishusha, na mimi nina miaka kumi na moja.

Nimefanya upelelezi. Nyuma ya chumba cha hadubini kuna stoo. Katika ukuta wa stoo kuna kidirisha kidogo cha kioo cha zamani, kinatazama moja kwa moja mgongo wa Kimya na skrini yake. Mbele ya kioo limesimama lile jokofu kubwa la kugandishia, refu kuliko mimi. Kati ya jokofu na ukuta pana pengo. Nimelipima kwa futi ya mke wangu: sentimita ishirini na tisa. Zinatosha.

Mimi sikujipima.


Jumatano, 12 Machi

Ninaandika nikiwa nimesimama, maana mbavu hazitaki kiti. Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa mbili unusu niliweka seli zangu, kigae halali, nikawasha kamera. Saa tatu Kimya alikaa mahali pake. Mimi nikaingia stoo kimyakimya, nikarudisha mlango, nikajipenyeza ubavu nyuma ya jokofu. Bega likapita. Kifua kikapita kwa shida. Nikafika kwenye kioo. Ushindi! Skrini yake yote mbele yangu.

Nikamtazama nusu saa. Alikuwa hafanyi kitu! Mikono mapajani. Macho kwenye skrini. Mara moja moja anaandika mstari kwenye daftari, kisha anarudisha mikono. Hakuongeza dawa yoyote. Hakufunua. Nikajua ameihisi hatari na ameificha mbinu yake.

Nikaamua kurudi nikaangalie zangu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tumbo langu, lililokubali kuingia, halikubali kutoka.

Nikasukuma. Kifungo cha shati kikaruka. Nikasukuma tena, cha pili. Nikajaribu kwenda mbele badala ya nyuma. Huko ni ukuta. Kila nikihema kwa nguvu nazidi kujaa. Simu iko mezani kwangu. Kupiga kelele? Jokofu linanguruma, na isitoshe, ningesema nini? Nimefuata nini huku?

Saa nne. Nikafikiria seli zangu bila mtu wa kuzisimamia. Dakika kumi zinapita, hakuna wa kufunua kifuniko! Nikaona kazi yangu yote inaharibika. Nusura nilie.

Saa tano akaingia Mama Deki na ndoo. Ndiye anayesafisha jengo zima, na hakuna chumba wala mtu asiyemjua. Akaona viatu vyangu kwanza, kisha akaniinulia macho. Nikamwambia ninakagua jokofu kwa nyuma.

"Unalikagua kwa tumbo?" akauliza. Kisha akasema niinue mguu. Nikainua. Akapiga deki chini yangu.

Akaanza kuzungumza, maana mtu aliyekwama ni msikilizaji mzuri. Akasema yule binti wa hadubini hana kelele lakini ana moyo. Akaniuliza kama najua kwa nini alikuja hapa. Nikasema sijui. Akasema mama yake aliugua saratani ya titi, wakaambiwa imekatwa yote, amepona. Mwaka wa pili ikatokea mifupani. Binti akawa anauliza kila daktari: ilipita wapi? Hakuna aliyemjibu akaridhika. Mama akafariki, akaacha wadogo wawili wa binti, naye binti ndiye anayewalea. Ndiyo maana anakaa pale saa nzima bila kupepesa.

"Anatazama ilipita wapi," akasema Mama Deki.

Miezi saba nimekaa naye meza kwa meza, nimempa jina la utani, sikuwahi kumwuliza hata kwao wazima. Nilimtazama tena kupitia kile kioo. Mikono yake ilikuwa mapajani vile vile.

Mama Deki akasema ataita mtu, ila amalize korido kwanza, sakafu isikauke na madoa. Korido yetu ni ndefu.

Saa saba kasoro dakika kumi akaja Kimya mwenyewe. Hakucheka. Hakuuliza ninafanya nini pale. Akatazama pengo, akanitazama mimi.

"Usisukume, kaka. Toa pumzi yote. Tanguliza mkono. Sasa bega. Usivute tumbo, liache lifuate."

Nilitoka. Shati halikutoka lote.

Muda wa saa tatu na dakika hamsini nimekaa mle! Nimekimbilia nyumbani moja kwa moja. Sikuthubutu hata kuangalia kamera. Mke wangu amehesabu vifungo vilivyobaki, viwili, akaniuliza nimepigana na nani. Nikasema na jokofu. Hakuuliza zaidi. Ndoa ya miaka mingi ina raha zake.


Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia kazini kichwa chini. Nikawasha filamu ya jana ili nione msiba wangu.

Imepita!!!

Seli moja tu, lakini imepita. Nimeitazama mara sita. Kwanza inatoa kidole ndani ya uchochoro. Kinaenda, kinapapasa kuta, kinashika. Mwili unafuata, unajivuta mwembamba kama uzi wa tambi. Kisha kiini, tumekitia rangi ya kijani inayong'aa, kinafika mlangoni na kugoma. Saa moja nzima kinagoma. Halafu kinaanza kuchongoka mbele. Kinajibana kiuno, nusu nje, nusu ndani. Kidogo, kidogo. Katikati ya njia kijani kinamwagika, seli yote inawaka. Nilidhani imekufa. Haikufa. Baada ya kama saa moja kijani kinarudi ndani, kiini kinateleza upande wa pili, kinajitanua, na seli inaendelea na safari zake kana kwamba haikuona kitu.

Nilimwita Profesa. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Akasema hii ndiyo.

Ya Kimya iliingia nusu na kurudi. Amenipa mkono na kunipongeza, na macho yake hayakuwa na kinyongo hata chembe. Nimejisikia vibaya kwa dakika nne hivi.

Siri ya ushindi ni nini? Nimefikiri sana. Nadhani ni chakula nilichokipima kwa jicho.


Ijumaa, 14 Machi

Wageni walikuwa watatu. Aliyeongoza ni bibi mmoja mwembamba, sauti taratibu, maswali makali kama sindano.

Nilianza vizuri. Nilisema "kwa mujibu wa uchunguzi" mara tano. Filamu ikaenda. Kiini kilipojibana kiuno mgeni mmoja akajisogeza ukingoni mwa kiti. Kijani kikamwagika. Bibi akauliza hicho ni nini.

Sikujua. Nilikuwa nimeitazama mara sita, sikuwahi kujiuliza. Nikasema ni jasho la seli.

Profesa akatazama dari.

Bibi akasema, kwa adabu, kwamba hajawahi kusikia jasho hilo. Akauliza kama kuna mwingine anayeweza kusaidia. Na hapo Kimya akasimama. Viatu vyake vilisogea hadi mbele ya skrini, niliviona, maana nilikuwa nimeinamisha macho.

"Ni gamba la kiini limechanika," akasema. "Limebanwa mno. Vilivyomo ndani vimevuja. Seli imelishona tena, mmeona, baada ya saa moja kijani kimerudi. Lakini kiraka hakirudishi kila kitu. Maagizo yaliyomo kwenye kiini huenda yamepata majeraha. Kwa seli inayotibu kidonda hiyo ni hasara ya safari. Kwa seli ya saratani..." Akageukia skrini. "Huenda kila uchochoro inaopita unaibadilisha. Inafika ng'ambo si ile iliyoondoka. Mimi nataka kujua hapo."

Yule bibi akaweka kalamu chini, akamwuliza maswali kumi, na Kimya akayajibu yote. Nimehesabu: leo amesema maneno mengi kuliko miezi saba yote.

Mwishoni bibi akanigeukia. Akauliza nilifanya nini tofauti siku hiyo hata seli ikapita.

Nikasema kweli tupu: "Siku hiyo nilikuwa nimebanwa."

Akaitikia kwa kichwa, akasema anaelewa, kazi za maabara zinabana. Mama Deki, aliyekuwa akikusanya vikombe, alilazimika kutoka nje.


Jumatatu, 17 Machi

Profesa ametuita. Wafadhili wamekubali. Nafasi zote mbili zimebaki! Kimya ndiye mkuu wa chumba cha hadubini. Yeye akainamisha uso, akajifuta machozi kwa mkono wa koti. Akasema atawapigia simu wadogo zake.

Nilimpa mkono. Nikamwambia hongera, dada, na pole kwa mama. Akashtuka. Kisha akasema asante, na tukasimama pale kama watu wawili wasiojua mikono yao waiweke wapi. Kwa kweli nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Profesa akanibakiza. Akasema ile filamu ilifanikiwa kwa sababu moja: kwa mara ya kwanza tangu aniajiri, sikuwepo kuivuruga. Anajua kuhusu jokofu. Jengo zima linajua.

"Jifunze kutokuwepo," akasema.

Maneno mazito. Nimeyapigia mstari. Nimekaa nayo mchana kutwa nikiyatafakari, na nadhani nimeyaelewa.


Jumanne, 18 Machi

Mkuu mpya ameanza na utaratibu. Amebandika mlangoni karatasi ya zamu: kila mtu ana saa mbili za hadubini kwa siku, aandike jina. Saa mbili! Mimi, mwenye filamu!

Lakini Profesa alishanifundisha. Mimi sitakuwepo. Kuanzia saa nne hadi saa kumi, kila siku hadi mwisho wa mwezi, nimemwandika Daktari Mgeni, bingwa wa vichochoro kutoka taasisi ya mbali. Mwandiko nimeulaza upande wa kushoto. Nani atamnyima mgeni? Na mgeni akichelewa, nani atakaa kwenye kiti chake kukipasha joto? Mbinu haina kosa!

Saa nane Profesa alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu. Akasema amefurahi mno kupata ugeni wa hadhi hiyo. Anataka kunywa naye chai Alhamisi, saa nne kamili, na Kimya amwandalie maswali.

Si kitu. Nimeshaazima miwani ya baba mkwe. Mke wangu amekubali kunipunguzia koti, ingawa amekataa kuuliza la nini. Masharubu natafuta.

Kuna jambo moja tu linalonitatiza. Profesa ameniagiza mimi nikampokee getini.

Nitafika mapema.